Damu ya Shehata Mbeba Mikate

Shehata, mume wa Wahiba anayekaa ghorofa ya chini yangu, hupeleka mikate mitaa yote ya Bulaki, hapa Kairo, juu ya baiskeli: chano cha mbao kichwani, kirefu kama mlango, mkono mmoja umekishika, mwingine kwenye usukani. Siku moja usingizi ulimchukua njiani, akaja kuzinduka mbele ya duka la maharage, na hakuna mkate hata mmoja ulioanguka. Aliyenisimulia ni baiskeli yenyewe, na baiskeli haina sababu ya kudanganya.

Basi mkojo ukaanza kumsumbua. Anaenda chooni, anasimama, anangoja kama mtu anayengoja basi siku ya mgomo. Wahiba akamsukuma mpaka hospitali, na daktari akaagiza apimwe damu. Akaenda kutolewa katikati ya kazi, baina ya duka moja na jingine, chano kakiegemeza ukutani nje.

Majibu yakaja yako juu.

Daktari wetu, binti aitwaye Mervat, akatueleza kwamba tezi dume hutengeneza protini yake, na kidogo huvuja katika damu ya kila mwanamume. Ikizidi, tezi ina jambo: huenda ni uzee, huenda ni uvimbe wa kawaida, huenda ni saratani. Nilikuwepo, maana Wahiba alikataa kulisikia neno hilo peke yake. Mpaka siku ile nilidhani protini ni mayai na maharage.

"Nakufa?" Shehata akauliza.

"Bado sijui, ami. Siku ya damu ulikuja na nini?"

"Na baiskeli. Mikate ingejipeleka?"

Mervat akafumba macho kidogo. "Kiti kimeisugua tezi tangu alfajiri. Hata tezi isiyo na ugonjwa inaweza kumwaga protini hivyo. Kaa siku mbili tatu bila baiskeli, tupime upya. Na mama naye umpumzishe."

Shehata akavitazama viatu vyake.

"Hilo niachie mimi, daktari," nikasema. "Wahiba atalala kwangu, na komeo langu ni la chuma."

"Bibi, nyamaza," Wahiba akaninong'oneza.

Shehata akapeleka mikate kwa miguu. Wanaume wa mkahawani wakampokea: "Shehata, baiskeli imekuomba talaka?"

"Imekwenda kwao kidogo. Itarudi ikikosa wa kumbeba."

Alicheka nao, lakini Wahiba kwangu hakugusa chakula, na mlenda wangu watu huvuka Nili kuufuata.

Kipimo cha pili kikashuka, ila hakikushuka vya kutosha. Ndipo wakamchoma sindano, wakatoa vipande vya tezi. Saratani ilikuwemo.

"Ni ndogo, na mwendo wake wa polepole," Mervat akasema. "Hatukati. Tutakuwa tunaipima ile protini kila baada ya miezi michache. Ikianza kupanda, ikaendelea kupanda, tutajua ugonjwa umeamka, na hapo tutatibu."

"Na kazi yangu?"

"Panda baiskeli yako. Ila siku za kabla ya damu, tembea."

Huu ni mwaka wa pili. Siku hizi Shehata akipita kwa miguu na chano chake, mtaa mzima unajua anakwenda kupimwa. Mkahawani hakuna anayemtania. Mwenye duka la maharage huipokea mikate iliyopoa bila neno, na Wahiba hupanda ngazi kuja kwangu na mto wake. Utani hungoja mpaka majibu yatoke na tumwone juu ya baiskeli.

Jana alipita kwa miguu.