Kiti cha Golicha cha Ijumaa

Mimi Khadra nauza chai kwenye geti la uwanja wa Rukiyo hapa Garissa, pale ngamia wanapopakiwa kwenye malori ya kwenda Nairobi. Rukiyo ana wapakiaji kumi na wawili. Ni mama mkali, mikono kiunoni tangu asubuhi, na mdomo wake haujui likizo. Lakini siku ile mtu wa bima alipokuja na faili kwapani, alimsikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Mwaka ule wapakiaji watatu walikuwa wameumia. Hanad alikatwa kidole na kamba, mwenzake akateguka bega, kisha Golicha akapigwa teke na dume, mguu ukavunjika. Bima ililipa fidia zote tatu, halafu ikapandisha ada. Yule bwana akasema bila kupepesa macho kwamba akiumia mwingine kabla ya mwaka wa bima kuisha, kampuni yake haitamkatia Rukiyo bima tena. Na bila bima, mnunuzi mkubwa wa Nairobi hapakii mnyama hapo. Uwanja ungefungwa, wanaume wote wale warudi nyumbani, na mimi nimuuzie nani chai?

Kwetu mtu akivunjika hupelekwa malishoni akanywe maziwa mpaka apone. Golicha alishafunga mzigo wake aende kwa mama yake Wajir. Rukiyo akakaa kwenye benchi langu akilalamika kwamba ajali hizi zinamjia ovyo ovyo, hazina mpango.

Nikamwambia zina mpango. Mara zote tatu ilikuwa Ijumaa, karibu saa sita. Siku hiyo mimi hufunga jiko mapema, na mara zote tatu niliacha vikombe sijaviosha nikakimbilia kumshika mtu. Ijumaa kila mfanyabiashara anataka lori lake liondoke kabla ya swala, basi watu wanapakia mbio mbio, hata magoti ya ngamia hawayafungi sawasawa.

Rukiyo akaweka mikono kiunoni. "Na wewe ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Ulikuwa hujauliza," nikamjibu.

Kesho yake alitoa amri: Ijumaa mwisho wa kupakia ni saa nne na nusu, kisha mpaka baada ya swala. Golicha akaambiwa afungue mzigo wake. Daktari alikubali kazi ya kukaa, basi akapewa kiti cha plastiki getini na filimbi ya kusimamisha upakiaji, mshahara ule ule. Wenzake walimcheka wee, wakamwita Bwana DC. Mwanzoni aliona haya. Wiki ya pili alikuwa anakagua kila fundo la kamba kwa macho: "Hilo nani kafunga? Rudia."

Ijumaa ya mwisho kabla ya bima kuisha, saa tano hivi, akaingia Abdirahim, kaka yake Rukiyo, na ngamia watano. Golicha akapuliza filimbi. Abdirahim akampita huku anacheka, akawaita wapakiaji. Hakuna aliyesogea, basi akampigia dada yake simu.

Rukiyo alipofika, kaka yake akalainisha sauti. "Abaayo, dada yangu, uwanja huu tulianzisha pamoja. Ni watano tu."

Nilimwona Rukiyo akilegea. "Golicha," akasema kwa sauti ndogo, "wacha wapakie wawili tu. Wengine baada ya swala."

Golicha hakuinuka. Aliishika filimbi kwa mikono miwili. "Mama, siku yangu pia ulisema wawili tu. Mimi niliumizwa na yule wa pili."

Rukiyo akautazama ule mguu wenye plasta. Akavuta mtandio usoni, nikajua analia, ingawa mpaka leo anasema lilikuwa vumbi.

"Abdirahim," akasema, "nenda ukaswali. Tutapakia saa nane."

Kaka mtu aliondoka amenuna, na wiki tatu hakumpigia dada yake simu. Mwaka wa bima uliisha bila mwingine kuumia, na bima ikakatwa upya. Plasta ya Golicha imetoka, amerudi kwenye kamba na wenzake, ila Ijumaa bado anakaa kwenye kiti chake. Abdirahim siku hizi analeta ngamia wake Ijumaa alfajiri. Anamsalimu Golicha kwanza, ndipo anamsalimu dada yake.