Mbegu Zilizoliwa na Wageni

Watu wa mbali wakiona chai imefunika milima yetu hudhani huku hakuna njaa. Chai hailiwi. Mwaka ule mvua za masika ziligoma, mahindi yetu hapa karibu na Kiptere yakakauka yakiwa urefu wa goti, na chai yenyewe ikapunguza majani. Nyumbani tulikuwa watano: mimi, mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Gogo, yaani nyanya, na watoto wangu watatu. Tulikula mara moja kwa siku.

Watu wa shirika moja la misaada walikuja kanisani. Walitupa unga, na mvua za vuli zilipokaribia wakampa kila mtu mfuko wa viazi vya mbegu, vimeshachipua. Walituonya mara tatu: unga ni wa kula, viazi ni vya shamba. Watapita kukagua, na atakayekula mbegu asahau za msimu ujao.

Siku waliyopita nilikuwa nachuma chai kwa jirani. Niliporudi nilikuta afisa wa shirika, mama mmoja, pamoja na dereva wake, wameketi sebuleni wakila viazi vya kuchemsha. Unga wetu uliisha juzi yake. Nilijua viazi hivyo vimetoka wapi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilijiona nakufa. Nilimfuata Gogo jikoni.

"Mama, umepika mbegu!"

"Sasa wageni wakule nini? Ng'ombe imekauka, hata maziwa ya mursik ya kuwapa hakuna. Ulitaka watoke kwangu na njaa?"

Alikuwa amepika sufuria kubwa, maana huwezi kulisha mgeni huku watoto wanameza mate mlangoni. Mfukoni vilibaki viazi vya kuhesabu. Mimi hasira yangu haina breki, na uongo sijui kuumaliza. Nilirudi sebuleni nikawaambia ukweli.

Yule mama akaacha kutafuna. "Gogo, hii ni ile mbegu tulileta?"

"Umekula nyama yake tu," Gogo akajibu. "Macho niliweka."

Alileta beseni. Ndani kulikuwa na maganda manene, kila moja na chipukizi lake, yamepakwa jivu yasioze. Alisema mamake alipanda hivyo mwaka wa njaa, yeye akiwa msichana. Niliona aibu kwa kumfokea, lakini sikuamini kwamba ganda litatulisha.

"Sitaandika kitu leo," afisa akasema. "Nitarudi kuona kama zitamea."

"Sawa. Malizia basi, vinapoa."

Tulipanda jioni hiyo, maganda na vile vichache vilivyobaki. Mvua ilinyesha baada ya wiki. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia mitaro kabla ya kunawa uso. Maganda mengine yalioza. Mengi yalitoa miche myembamba, tukaipandishia udongo, ikanenepa. Afisa alirudi, akazunguka shamba lote, akatuandika kwa msimu uliofuata.

Siku tuliyochimba, viazi vilikuwa vidogo lakini vilijaza magunia. Gogo alichemsha sufuria iliyojaa. Kitinda mimba wangu alikula, akaongezewa, akala tena, kisha akasukuma sahani ikiwa na viazi viwili.

"Nimeshiba," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia nyumbani kwangu tangu mahindi yakauke. Nililia palepale mbele yao wote. Gogo akavichukua vile viwili, akavila.