Waya wa Gabioni ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Baraka sikupewa nyundo wala koleo. Shefu wa shantie, yaani msimamizi wa kazi, mtu mwembamba mwenye hasira za haraka, alinipa fimbo akanisukuma ndani ya mto Mutambala mpaka kiunoni.

"Usiangalie huku juu, we! Juu kila mutu anaona. Piga fimbo ku miguu. Maji inaanzaka kula ku miguu."

Nyinyi vijana mnaopita juu ya diga na pikipiki zenu mkidhani ni barabara, sikieni. Diga letu ni tuta la udongo. Kinacholikinga na mto ni gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe na kushonwa moja kwa lingine. Fimbo ikizama chini ya gabioni, kuna pango, lijazwe mawe kabla ya mvua. Waya ukikatika, unazungusha mpya mara mbili, kisha fundo. Kazi ndiyo hiyo, nimeifanya mpaka meno yakaanza kuniacha.

Shefu alihamishiwa Fizi. Aliyemfuata, injinia, hakupenda kulowa. Niliandika ripoti, akatia sahihi, waya mpya haukufika. Kutu ikala masanduku, na watu nao wakaja kukata waya wa kukaushia samaki. Niliwafukuza, hata bamama wa kanisa langu, nikipiga kelele kama shefu wangu wa kwanza: "Waya ya gabioni haiko ya mutu! Iko ya muto!"

Kisha akaja mdogo wangu Feza, aniitaye yaya, yaani mkubwa wake, mjane, mchoma samaki ufukweni mwa ziwa. Nyumba yake ilikuwa chini ya diga.

"Yaya, kichanja yangu imeungua. Unipatie kipande tu. Ile ya kutu-kutu."

Moyo ukalegea. Nilimkatia mwenyewe, gabioni ya tatu, upande wa nyuma, nikijiambia huko maji hayafiki. Mpumbavu mimi! Sanduku lililokatwa nyuma humwaga mawe yake kama gunia lililopasuka.

Mvua ilinyesha milimani asubuhi, mchana mto ukashuka na miti. Diga lilikatika pale pale, kwenye gabioni ya tatu. Feza alikuwa ufukweni. Binti yake Neema alikuwa amelala nyumbani na malaria. Tulimpata kesho yake, amekufa, kwenye shamba la mihogo.

Watu walisema ni kutu, ni mvua. Niliitikia. Siku yangu ya kustaafu, injinia alinishika mkono: "Mzee, bila weye tungekwisha zamani." Nikasema asante. Aibu gani hiyo!

Kila Jumamosi Feza aliniletea samaki waliokaushwa juu ya waya ule. Nilikula. Juzi juzi nikaweka tonge chini, nikamwambia yote. Hakulia.

"Ile kipande niliomba mimi?"

"Uliomba weye. Nilikata miye. Na miye ndiye nilijua kazi."

Jumamosi iliyofuata hakuleta samaki. Alileta waya, ameukunja vizuri, akauweka mlangoni, akaenda bila kukaa.

Leo asubuhi nimeurudisha mtoni, kwenye gabioni ya tatu iliyojengwa upya. Nimezungusha mara mbili, nikafunga fundo. Lakini umeungua mno kwa moto wa samaki. Hauwezi tena kushika hata jiwe moja.