Vichaka vya Bibi Olena

Matunda ya viburnamu, kichaka cha nchi za baridi, yakichemka hunuka soksi zilizolowa. Simtanii mtu. Ukivumilia, ukayachuja na kutia sukari, unapata sharubati nyekundu yenye ukali mzuri. Kila niyachemshapo narudi Weston, mtaa wa Toronto, kwenye nyumba tuliyopanga chini, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na sikuweza kutulia.

Mwenye nyumba, Bibi Olena, mjane kutoka Ukraine, aliishi juu yetu. Mbele ya nyumba kulikuwa na vichaka vya viburnamu alivyovipanda na marehemu mumewe. Mwezi Juni vilijaa maua meupe hadi wapita njia wakasimama. Baada ya baridi ya kwanza alichuma matunda na kupika dawa ya kikohozi, yake na yetu. Majira yale ya baridi alivunjika nyonga. Akienda kuuguzwa kwa binti yake, alimkabidhi baba mkasi wa bustani. "Nitunzie," alisema.

Baba alikulia Moshi, kwenye kahawa. Mwezi Machi, theluji ingali kando ya njia, alivipogoa vichaka kama alivyofundishwa na babu: matawi makongwe chini, katikati wazi, jua lipite. Alipiga mluzi muda wote.

Mama alifungua dirisha. "Baba Neema, hiyo ni kahawa?"

"Subiri uone vitakavyozaa, Mama Neema."

"Haya. Tukihamia chini ya daraja, usisahau huo mluzi wako."

Machipukizi yalitoka mengi, marefu, yamenona. Maua hayakutoka. Kila asubuhi kabla ya basi la shule nilifunua majani nikitafuta hata kishada kimoja. Kwa jirani kulikuwa kweupe. Kwetu kijani kitupu. Mluzi ulikoma. Baba aliazima kitabu maktaba, akakisoma amesimama, koti hajavua. Kumbe viburnamu huandaa maua yake tangu kiangazi kilichotangulia, kwenye matawi yale yale aliyoyakata.

Bibi Olena alirudi na fimbo. Baba alimpokea getini akiwa na shati la kanisani, akamweleza yote. Bibi akazunguka vichaka polepole, akigusa kila mkato. Nilimshika mama sketi.

"Umekata vizuri sana," alisema hatimaye. "Wakati tu ndio mbaya. Basi, mwaka huu nyumba hii ni marufuku kukohoa."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Baba hakucheka. "Mwakani nipogoe lini?" aliuliza.

"Maua yakishanyauka tu." Na mkasi akamwachia.

Kwa miaka mingi niliamini baba alihofia tungefukuzwa. Leo nina vichaka vyangu, nina watu wa kuwaelekeza kazini, ndipo nimemwelewa. Kiwandani alikofanya kazi, alielekezwa hata namna ya kukunja boksi. Vichaka vile vilikuwa kazi ya kwanza Toronto aliyopewa bila mtu kusimama nyuma yake kumwonyesha.