Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Baba

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji tu, bado sijaanza kubebeshwa wadogo zangu mgongoni, tulimzika baba yangu naye yuko hai. Hatukumzika yeye mwenyewe, bila shaka. Tulizika mgomba. Kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake, likalazwa kaburini, watu wakalia, mambo yakaisha. Asipozikwa hivyo, walisema, huizunguka nyumba yake akitafuta pa kulala, na watoto ndio huanza kuugua.

Baba alikuwa Walikale, akiichimbia dhahabu Kompani ya migodi ya Wazungu kwenye milima ya upande wa Omate. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali na nchi, na wanaume wengi wa kilima chetu walikuwa wamekwenda huko. Kijana mmoja wa jirani akarudi mbio, akasema mlima umewaangukia watu wa shimo la baba, hakutoka hata mmoja. Baba mkubwa, kaka yake baba, hakutaka kungoja. Aliyekataa alikuwa nyanya yangu peke yake, mama mzazi wa baba. Alikaa mlangoni amekumbatia koti la baba la kwendea misa.

"Nani alimuona?" aliuliza. "Kama munazika mugomba na mwenyewe angali anapumua, ile mugomba itamuita. Itamuita mupaka aende."

"Mama, acha," Baba mkubwa akamwambia. "Watoto wanakohoa mu nyumba. Unataka tungoje nini?"

Kweli mdogo wangu alikuwa anakohoa. Majira ya mvua Masisi, nani hakohoi? Koti likachukuliwa mikononi mwa nyanya, likavikwa mgomba. Tulikuwa Wakristo wa kila Jumapili, na mkatekista alikataa kuja kuombea mti, ila mke wake alikuja na kapu la maharagwe, akalia kuliko wengi. Nami nililia hadi sauti ikakauka.

Mvua zilikuwa zimekwisha mchuuzi wa mawese alipopita kwetu akitokea Walikale. Aliomba maji, kisha akauliza kwa Papa Furaha ni wapi. Furaha ni mimi, na Papa Furaha ni baba.

"Anawasalimia sana," akasema. "Anauliza kama ile mbuzi ilishazala."

Mama alikaa chini palepale penye matope. Baba mkubwa akasema huyo ni muzimu, mtu aliyezikwa hatumi salamu. Nyanya akamgeukia mama.

"Enda umuone na macho yako. Enda na Furaha. Muzimu hagusake mutoto. Kama anamugusa, ni muntu."

Tukateremka kutoka kwenye baridi yetu hadi msituni, tukifuatana na wabebaji wa maharagwe. Nimekulia kwenye vilima vya wazi, ambako ng'ombe wa jirani unamwona tangu asubuhi hadi jioni, na msitu ule ulinitisha vibaya. Mchana haukuwa na jua, njia ilikuwa mizizi na matope, madaraja ya kamba yaliyumba juu ya mito. Njia nzima mama alikuwa mara akiharakisha, mara akipunguza mwendo. Aliogopa kutomkuta, na aliogopa vilevile kumkuta.

Mlima wenyewe ulikuwa umechunwa kama mbuzi. Miti yote ilikuwa imeondolewa, udongo mwekundu ulishuka hadi mtoni, na maji ya mto yalikuwa mekundu pia. Kapita, msimamizi wa wachimbaji, alitusimamisha chini.

"Mama, mwanamuke hapandake hapa. Zahabu itakimbia."

Mlima una mwenyewe, alisema, naye hapendi kuona wanawake. Hakuwa anatania. Tukangoja kando ya mto, nikawatazama wanaume wakishuka na vikapu, nikijaribu kumtambua baba. Sikuweza, kwa sababu udongo ulikuwa umewafanya wote rangi moja.

Alikuja wa mwisho, akisimama mara kwa mara kukohoa. Siku mlima ulipoanguka alikuwa amelazwa dispansere kwa kikohozi hichohicho, nacho ndicho kilichomwokoa. Mama hakumkimbilia. Alinisukuma mbele. Nilijua nimepelekwa kufanya nini. Baba akaweka mkono kichwani pangu, mkono mgumu, mzito, na ulikuwa na joto.

"Furaha, umekuwa murefu," akasema.

Hapo ndipo mama alipolia. Akamweleza yote, kijana, mgomba na kaburi. Baba akacheka.

"Mulizika na koti yangu ya misa?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akainama, akatema, akafukia kwa mguu tusione. Kompani ilimwachilia upesi kuliko tulivyotarajia. Mtu anayekohoa vile hachimbi.

Tulipofika nyumbani watu walisimama mbali. Nyanya tu ndiye aliyemkumbatia. Desturi ilikuwa na njia yake ya kurekebisha jambo hilo: mgomba ufukuliwe mzima, utupwe mtoni, ndipo mtu arudi kati ya wazima. Wanaume wakachimba. Lakini shina la mgomba ni maji matupu, na mvua zote zile zilikuwa zimeshapita juu yake. Walikuta nyuzi nyeusi na vifungo vya koti.

"Hakuna kitu ya kutoa," Baba mkubwa akasema. "Ilishakuwa udongo."

Nilimwona uso akisimama pale na jembe. Alikuwa na hofu ya kweli. Nimejaribu kumchukia maisha yangu yote, na uso ule hunizuia.

Basi baba akaishi kwetu kama mtu aliyekwisha kuondoka. Waliokula naye sahani moja walikuwa mama, nyanya na sisi watoto wake. Kanisani alikaa benchi peke yake. Kikohozi kilisikika hadi kwa majirani, nao wakanong'onezana kwamba mgomba unamwita. Nyanya hakuwahi kusema, "Niliwaambia." Kuanzia hapo hakulitaja tena jambo lile.

Baba alikufa kabla ya mavuno ya mtama. Nilipofungua kinywa nilie, Baba mkubwa aliniwahi, akanifunika kwa kiganja, bila ukali.

"Hapana, mutoto wangu. Muntu hawamulilie mara mbili. Machozi ya pili inabeba mutoto mu kaburi."

Mama alijifunga kitambaa mdomoni. Tukamzika katika shimo lilelile, kimya kabisa, hata nikasikia kila koleo la udongo.

Sasa nimempita nyanya kwa umri. Mjukuu wangu, nesi huko Mweso, ananiambia ni vumbi la mawe, hujaa mapafuni polepole, na mtu hana pa kuponea. Namwamini. Vumbi lilimwua baba. Lakini nyanya naye nashindwa kumkanusha, kwa kuwa miezi ile ya mwisho baba alifukuzwa duniani na watu waliompenda, na mti ndio uliowatuma. Kilio chake chote tulikuwa tumeupa mgomba.

Kwetu hatujakosa watu wa kulilia. Kila nikienda kwenye matanga hulia mno, hata kwa mtu niliyemjua kwa salamu tu. Wanawake hunishika mabega, wakasema huyu mama ana moyo mwepesi. Siwaambii ninayemlilia ni nani.