Vitabu Vilivyovishwa Mifuko ya Simenti

Insha yangu ilirudi kutoka chuoni imejaa wino mwekundu, kama daftari la mtoto aliyeandika huku anasinzia. Niliipokea kwenye chumba cha walimu nikiwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, kwenye benchi fupi la mbao lililoko chini ya dirisha, ambalo nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa cheupe nilichokifuma kwa mkono wangu. Nilisoma wino huo mwekundu mara mbili. Kisha nikaikunja insha nikaiweka mkobani kabla wenzangu hawajaniuliza kitu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilifundisha shule ya msingi huko Bulumbi, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, darasa la juu kabisa, na nilikuwa nasomea cheti cha juu cha ualimu kwa njia ya posta katika chuo kimoja cha Tororo. Insha ile ndefu ndiyo ilikuwa mlango wa mwisho. Mwalimu mkuu wetu alikuwa ameshaniambia kwa upole kwamba mwaka mpya ukianza, darasa la juu litapewa mwalimu mwenye cheti, na asiye nacho atarudi kwa watoto wa vibao, kuimba a, e, i, o, u. Sikudharau watoto wa vibao. Lakini darasa lile nilikuwa nimelihangaikia miaka mitatu, na sikuwa tayari kulitoa mkononi kwa sababu ya karatasi.

Jambo nililoliandikia insha lilikuwa hili. Wanafunzi wangu walikuwa wasimuliaji hodari. Njiani kwenda kisimani wangekueleza harusi, fisi, ama gunia la kahawa lililovushwa mpakani kwa magendo likiwa limevalishwa kanga kama mgonjwa, hata ukasahau mtungi. Wape kalamu sasa. Wote arobaini wanakuandikia safari yao ya Kampala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Kampala. Siku moja nilichoka, nikawaambia waandike walichokiona asubuhi ile kabla ya kuja shule, basi. Msichana mmoja wa upande wa ziwani akaandika jinsi mama yake anavyogeuza samaki juu ya moshi kwa vidole vitupu, akigombana na ule moshi kama anagombana na mke mwenza. Nilipoisoma nilisimama. Kuanzia siku hiyo nilifundisha hivyo, na katika insha yangu nilimtolea mfano mama yule na moshi wake, nikasema wazi kwamba mtoto aandike alichokiona kwa macho yake.

Pembeni mwa sentensi hiyo mkufunzi alikuwa ameandika: "Nani amesema?"

Mwishoni aliongeza kwamba anataka vitabu visivyopungua vitano, na angalau kimoja kiwe kinahusu jambo lenyewe, la sivyo asiuone uso wa insha ile tena. Alinipa mpaka mwisho wa muhula. Maktaba ni ya nini, aliuliza. Niliudhika hadi nikakosa hamu ya ugali.

Basi Jumamosi nikapanda basi kwenda Tororo. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na ofisi za wilaya, na madirisha yake yalitazama ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji. Karani wake alikuwa mzee wa Kipadhola, kabila la hapo, msafi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nikageukia rafu, nikabaki nimeduwaa.

Kila kitabu kilikuwa kimevishwa karatasi ya kahawia ya mifuko ya simenti. Ukuta mzima wa kahawia, bila jina hata moja. Kwa kuwa kiwanda cha simenti kilikuwa palepale mjini, karatasi zile hazikumgharimu mtu, na sote tulivifunika vitabu vyetu kwazo. Mimi mwenyewe niliwachapa watoto waliokuja na kitabu uchi. Lakini sisi tuliandika jina juu. Karani huyu hakuandika. Alikuwa ameweka namba ndogo tu chini ya mgongo wa kila kitabu, kwa kufuata siku kilipofika.

"Mzee, majina ya vitabu yako wapi?" nikamuuliza.

"Jina iko ndani," akasema. "Kuandika juu ya kitabu ni kuchafua. Mimi nafunika yote mwenyewe, mwalimu. Ona, hakuna vumbi."

"Una vitabu vya kufundisha kuandika?"

"Kitabu yote inafundisha."

Nikaomba daftari la orodha. Akaniletea kwa mikono miwili. Kila mstari ulikuwa na namba, tarehe, na maneno "kitabu, kimoja, kizima". Kwa haki, mistari mingine ilisema "kitabu, kikubwa".

Sikuwa na njia ila kuvifungua kimoja kimoja. Jumamosi ya kwanza nilifungua rafu mbili: ufugaji wa kuku, maradhi ya ng'ombe, sheria za mikutano, maisha ya malkia fulani, kuku tena. Jumamosi ya pili nilipata kitabu cha zamani cha uongozi wa shule chenye sura moja ya insha, na kingine cha kufundisha kusoma ambacho ningeweza kukivuta kwa nguvu kikaingia kwenye orodha yangu. Mikono ilikuwa inanuka simenti hadi nyumbani. Karani alikuwa akinifuata nyuma, akinyoosha kila jalada nililoligusa.

Katikati ya juma nilijaribu ng'ambo. Nilishuka Busia, nikapanda moja ya zile baiskeli za kuvusha watu mpakani, nikiwa nimekaa upande kwenye kile kiti cha nyuma chenye godoro, hadi chumba cha kusomea cha walimu upande wa Kenya. Kijana wa pale alikuwa na Kiswahili kilichonyooka na shati lililonyooka zaidi.

"Karibu, mwalimu. Una barua ya utambulisho?"

"Sina. Mimi ni mwalimu tu, natoka hapo Bulumbi."

"Bulumbi ni Uganda. Huku tunahudumia walimu wa huku. Ukileta barua kutoka kwa chifu wako ikagongwa muhuri, nitaangalia la kufanya."

Nilimwambia kwamba wajomba zangu wote wamezikwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye kiti chake, na kwamba huo mpaka wake umepita katikati ya shamba la bibi yangu. Akanisikiliza kwa adabu. Mwishoni alinihurumia, akaniruhusu kusoma nikiwa nimesimama, nusu saa. Nilipata viwili vya kuorodhesha. Sasa nilikuwa na vinne, na hakuna hata kimoja kilichohusu jambo lenyewe. Mwisho wa muhula ulikuwa umebakiza majuma matatu.

Jumamosi ya tatu, Tororo tena. Nilifungua hadi kitabu cha mwisho kwenye rafu ya mwisho, nacho kilikuwa cha nyimbo za kanisa. Nikakiweka chini, nikakaa sakafuni na gauni langu la kanisani, na nilikuwa karibu kulia.

"Mwalimu," karani akasema, "unatafuta nini hasa?"

"Mzee wangu, natafuta kitabu kinachomwambia mwalimu namna ya kumfundisha mtoto kuandika insha! Si nilikuambia siku ya kwanza?"

"Aa! Ile!" Uso wake ukang'aa. "Ile naijua. Ya kijani. Nilifunika mimi mwenyewe. Ile haiko hapa, ilienda na sanduku."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza kitabu yangu. Ile ya sanduku si yangu tena, ni ya shule."

Nikamwomba anieleze. Kumbe maktaba ilikuwa na masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani, kila moja na kufuli lake, yaliyotembea shule hadi shule yakiwa na vitabu vya walimu. Shule ikimaliza, shule nyingine inakuja kulichukua. Lile lenye kitabu changu lilikuwa Majanji, kwenye shule ya ziwani.

Siku ya shule iliyofuata, baada ya vipindi vya asubuhi, nilikwenda Majanji kwa baiskeli, jua la mchana likiwa juu ya kichwa. Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo huyo mwalimu anayekalia kitabu ambacho wenzake wanakililia. Nilimwona kabisa: mnene, mvivu, ananywa chai. Nilimkuta mwembamba, amekunja suruali, anasaidia watu kupakia samaki kwenye lori. Akanawa mikono ndipo akanisalimu.

"Sanduku? Sanduku ilitoka hapa mwaka jana, dada. Mwalimu mkuu moja wa huko Bulumbi alikuja, akabeba na lori ya samaki. Mzee mrefu, ana kofia, anacheka mbele ya kusema."

Nilisimama pale nimeshika baiskeli. Mzee mrefu mwenye kofia anayecheka kabla ya kusema nilikuwa nimemwacha shuleni asubuhi ile akihesabu chaki. Halafu nikakumbuka harufu. Mwaka jana benchi letu jipya la chini ya dirisha lilipoletwa lilikuwa likinuka samaki, na walimu wote walilikimbia. Mimi ndiye nilisema halina neno, nikalisugua kwa majani ya limau bila kujiuliza kwa nini benchi lina kufuli, na kwa kuwa harufu haikuisha, nikalifumia kitambaa. Nikalikalia mwaka mzima.

Sikumbuki vizuri nilivyorudi. Nakumbuka mnyororo ulikatika mara mbili na nilizungumza na baiskeli vibaya.

Mwalimu mkuu alikuwa bado yupo, ofisi iko wazi. "Mulembe, mwalimu," akanisalimu huku anacheka. Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu kabla wala baada, nikampeleka hadi chumba cha walimu, nikavuta kitambaa. Rangi ya kijani, na kufuli.

"Mwalimu mkuu, hiki ni nini?"

"Si sanduku ya vitabu? Wewe nakaa hapo kila siku."

"Kwa nini hukutuambia kuna vitabu ndani?"

Akavua kofia, akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. "Mwalimu, ningesema, mungesoma. Mukisoma, zinachakaa, ingine inapotea. Shule ingine wanarudisha sanduku kitabu zimepungua, wanasomwa majina kwa mkutano wa wilaya. Sisi tutarudisha kamili. Shule yetu haitapata aibu."

Alisema hivyo kwa fahari ya kweli, na hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kushika. Mtu huyu hakuwa mchoyo. Alilitunza sanduku lile kama anavyotunza mbuzi wa jirani. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye leso yake. Akaufungua, akapiga magoti pamoja nami, na nilipokuwa nimeinama hadi mabegani natoa vitabu vya kahawia kimoja kimoja, alishindwa kujizuia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. Sikucheka.

Kilikuwa cha tatu kutoka chini. Karatasi ya kuandikia tarehe za wasomaji ilikuwa tupu kabisa, na kurasa zilishikana kwa kutofunguliwa. Nilikisoma palepale sakafuni. Kwenye sura ya pili, mwandishi, mzungu wa mbali ambaye sidhani kama aliwahi kumwona samaki wa Majanji, alishauri kwamba mtoto aanze kwa kuandika alichokiona kwa macho yake mwenyewe.

Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Jumamosi tatu, basi, baiskeli, mpaka, ili mtu nisiyemjua anipe sentensi niliyokuwa nayo tayari.

Sikubadilisha hata neno moja katika insha. Palipoandikwa "Nani amesema?" nikaongeza jina la mzungu na namba ya ukurasa, mwishoni nikaorodhesha vitabu vyangu vitano, nikaipeleka posta. Ilirudi kabla shule hazijafungwa. Mkufunzi alikuwa ameandika kwa wino uleule: "Vizuri sana. Sasa umefanya utafiti." Mama yule na moshi wake aliwaacha bila kuwagusa. Darasa likabaki langu.

Sanduku lilipokuja kuchukuliwa na shule nyingine, nilifanya jambo moja. Nilikuwa nimeinakili insha yote kwa mkono, safari hii kwa wino wa bluu, nikaishona kwa uzi, na mbele nikaandika kwa herufi kubwa: KUFUNDISHA WATOTO KUANDIKA. Nikailaza juu ya vitabu vyote, bila jalada, ili mwalimu mwingine akifungua kufuli aione kwanza, asihangaike kama mimi. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Nilidhani kuna jambo nimelitengeneza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Tororo kuchukua cheti changu, nikapita maktaba kumsalimu karani. Alifurahi kuniona, hata akainuka. Sanduku lilikuwa limerudi kukaguliwa, akasema, na ana kitu cha kunionyesha. Akanipeleka hadi rafu ya mwisho, akachomoa kijitabu cha kahawia, chembamba, pembe zake zimekunjwa sawasawa kama shuka la hospitali.

"Mwalimu, kazi yako hii. Nilikuta ndani ya sanduku haina nguo. Nimevalisha."

"Asante, mzee. Kuna mtu amewahi kuisoma?"

"Hapana," akasema kwa furaha. "Iko safi kabisa."

Nilitoa penseli mkobani. Nikaandika kwenye mgongo wa jalada, polepole, yale maneno matatu. Nikakirudisha kijitabu mahali pake, nikamuaga mzee, akaniombea safari njema. Mlangoni niligeuka nimpungie mkono. Alikuwa amekichomoa tena, ameinama juu ya meza na raba mkononi, anafuta taratibu ili karatasi isichanike.