Vipele vya Bawa

Mimi niliishia darasa la sita, na nalisema hilo bila kuinamisha uso. Nenda Herndon leo, uliza ni karakana gani inakereza chuma mpaka kiwe laini kuliko shavu la mtoto, watakuelekeza kwangu. Nilianza nchi hii ya Marekani kwa kuosha sufuria za mgahawa. Sasa wenye digrii zao wananiletea michoro na kusubiri nimalize chai.

Mmoja wao alikuwa injinia, mwanamke Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na akakataa kukisahau. Alikuwa akiingia na "Shikamoo, Fundi" iliyonyooka kama ya kwenye kitabu, nami naitikia kwa sauti ili wafanyakazi wangu wote wasikie. Kikundi chao kilikuwa kinaunda ndege ya majaribio. Walitaka siku moja abiria waruke kwa kasi kuliko ya sauti, lakini ule mshindo wake usiwapasue masikio watu wa ardhini. Siri iko kwenye umbo, alinieleza. Umbo likichongwa sawasawa, mtu aliye jikoni kwake atasikia kishindo kidogo tu, kama jirani katua gunia.

Kulikuwa na mabawa mawili yakishindana, moja lake na jingine la wenzake. Kila moja lilipewa siku mbili ndani ya handaki la upepo, mahali wanapopuliza modeli, mfano mdogo wa ndege, kwa upepo mkali na kupima. Litakaloshindwa linakwenda kabatini, na aliyelibuni anaondolewa kwenye kazi ya ndege.

"Miaka sita ya maisha yangu, Fundi," aliniambia. "Nikerezee vizuri."

Nilimkerezea. Modeli ya chuma, urefu wa mkono hadi kiwiko, na pua ndefu kama sindano ya kushonea magunia. Akaichukua, akafurahi. Baada ya wiki mbili akairudisha, kwa sababu tundu la nyuma, pale inapochomekwa fimbo ya kuishikilia, lilikuwa linabana. Ni kazi ya dakika ishirini. Aliambatanisha karatasi mbili. Mimi karatasi za watu hawa nasoma namba tu, Kiingereza kirefu nawaachia wenyewe. Namba zilikuwa kwenye karatasi ya kwanza. Ya pili sikuifunua.

Sasa, nina desturi yangu. Kitu hakitoki karakanani kwangu kabla sijakipitishia ukucha wa kidole gumba, macho nimefumba. Nikapitisha. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa ukucha ukakwaruza. Kufumbua macho, naona mstari wa vipele vidogo vya gundi, kama harara kwenye shingo ya mtoto. Nikacheka kwa sauti.

"Njooni muwaone wasomi," niliwaita wafanyakazi. "Kazi yangu wameishika kwa mikono ya gundi!"

Nikachukua msasa laini kuliko yote, kisha kitambaa na dawa ya kung'arishia. Nilitumia saa nzima. Ikatoka inang'aa mpaka nikayaona meno yangu. Nikaifunga sandukuni, ikapelekwa moja kwa moja kwenye handaki.

Siku ya handaki alinipigia simu asubuhi, mimi nikiwa njiani kutoka Temple Hills, ninakokaa.

"Shikamoo, Fundi. Nukta zangu ziko wapi?"

"Marahaba. Nukta gani, dada?"

"Za kwenye bawa. Za gundi."

"Aa, ule uchafu! Nimekutolea wote. Wala usinishukuru."

Nikamsikia akimwambia mtu, kwa Kiingereza, afunge mlango.

Kumbe vile vipele ndivyo vilivyokuwa kazi yenyewe. Modeli ni ndogo, na upepo huteleza juu yake kwa utulivu ambao ndege kubwa haiupati angani. Vipele hubandikwa kwa kipimo ili kuuvuruga, uende kama utakavyokwenda kwenye ndege kamili. Bila hivyo, namba zinazotoka ni za uongo. Mtaalamu wa kuvibandika alikuwa amekwisha safiri, na siku za handaki hazisogezwi. Walipuliza hivyo hivyo. Wakubwa wakazikataa namba, wakachukua bawa la wenzake.

Wiki iliyofuata alikuja kuchukua michoro yake. Karatasi ya pili nilikuwa nimeshaifunua na kuisoma, lakini nilikuwa nimejiandaa kugomba, maana mimi kukosea sikuzoea. Nilipanga kumwambia kwamba anayetaka kitu kisiguswe aseme kwa mdomo. Hakunipa nafasi.

"Bosi aliuliza nani alizitoa," alisema. "Nimemwambia nilisahau kukuandikia."

"Lakini uliandika."

"Niliandika. Karatasi ya pili."

"Sasa kwa nini, dada?"

"Wangekufuta kwenye orodha ya mafundi wao. Mimi walikuwa wananihamisha vyovyote vile. Wewe una watu tisa humu ndani, Fundi."

Nilitaka kumwambia mimi sibebwi na mtu, sijawahi kubebwa. Nikasema, "Haya." Neno moja tu, mimi huyu ninayejulikana kwa mdomo.

Siku hizi anakagua ripoti za watu wengine. Bawa la wenzake nimelikereza mimi, na hakuna anayeweza kulikereza vile mji huu wote. Walinisifu mbele ya watu, nikapokea. Ofisi ya yule bosi iko njiani ninapokwenda kununua chuma kila Jumanne. Nikifika hapo napunguza mwendo, nawasha taa ya kukatia kulia. Halafu naizima, napita.